Mkopo, riba na sera za fedha: maswali ambayo wenye biashara ndogo Tanzania na Kenya huuliza mara kwa mara

Maswali yaliyo hapa huulizwa na watu wenye maduka, karakana, mashamba ya biashara na kampuni ndogo za huduma, upande wa Tanzania na upande wa Kenya. Mengi huanza na malalamiko kuhusu benki na kuishia kwenye jambo lililoamuliwa Hazina au Benki Kuu. Ndiyo maana majibu yanachanganya sera za nchi na hesabu za dukani: bei ya mkopo wako inapangwa pande zote mbili, na ni vizuri ujue ni upande upi unaoweza kuugusa kwa mkono wako.

Benki Kuu imeshusha riba. Mbona mkopo wangu haujashuka?

Kwa sababu riba ile haikulengwa kwako moja kwa moja. Riba ya Benki Kuu huongoza bei ya fedha ambazo benki hukopeshana zenyewe kwa muda mfupi, mara nyingi kwa usiku mmoja au siku chache. Tanzania ilianza kutumia mfumo huu Januari 2024. Kabla ya hapo Benki Kuu ilikuwa ikidhibiti wingi wa fedha zilizo kwenye mzunguko. Riba ilianzia asilimia 5.5, ikapandishwa hadi 6 mwezi Aprili mwaka huohuo, ikashushwa hadi 5.75 Julai 2025. Muda wote huo riba za mikopo ya benki za biashara zilibaki karibu na asilimia 15 kwa mwaka. Ukiziweka tarakimu hizo mbili pamoja, una haki kabisa ya kuuliza: hizo asilimia tisa na ushee za katikati zinakwenda wapi?

Anza na chanzo cha fedha zenyewe. Benki inakukopesha amana za wateja wengine, na mwenye amana kubwa ya muda maalumu, kwa mfano mfuko wa pensheni au kampuni ya bima, hukaa mezani akajadili riba yake. Kwa kawaida hupewa zaidi ya riba ya Benki Kuu. Halafu sehemu ya kila amana lazima iwekwe Benki Kuu, ikae pale bila kuzaa. Zipo pia gharama za kukuhudumia: mkopo wa milioni 5 unahitaji ofisa aje dukani kwako, mthamini aikague dhamana na mwanasheria aandikishe rehani, kazi ambayo haipishani sana na ile ya mkopo wa milioni 500. Juu ya hayo kuna mikopo chechefu, ile ambayo wakopaji wameacha kuilipa. Benki Kuu ya Tanzania inataka isizidi asilimia 5 ya mikopo yote, na kwa jumla sekta imeshafika chini ya hapo. Kenya mwaka 2024 ilizidi asilimia 16. Anayelipa vizuri humlipia asiyelipa. Kinachobaki baada ya hayo yote ni faida ya benki, na benki kubwa za nchi zote mbili zimekuwa zikipata faida nono. Hilo halifai kufichwa.

Kuna jambo moja unaloweza kufanya. Soma mkataba wako uone kama riba ni ya kudumu au inabadilika. Kama inabadilika, andika barua ya kuomba ipitiwe upya kila Benki Kuu inaposhusha. Benki huwa nyepesi kupandisha na nzito kushusha, kiasi kwamba mwanzoni mwa 2025 Benki Kuu ya Kenya ililazimika kuzishinikiza hadharani zipunguze riba. Mteja asiyeandika barua hayumo kwenye foleni ya wanaofikiriwa.

Serikali ikikopa, mimi mwenye duka inanihusu nini?

Inakuhusu kuliko karibu jambo lolote jingine kwenye ukurasa huu. Chukua yaliyotokea Kenya.

Mwaka 2014 Kenya ilikopa kwenye masoko ya kimataifa kwa hatifungani, yaani hati ya deni la muda mrefu, ya miaka kumi, na dola bilioni 2 zilitakiwa kulipwa kwa mkupuo Juni 2024. Kadiri tarehe ilivyokaribia, wawekezaji walijiuliza kama fedha zipo. Shilingi iliporomoka hadi kufikia karibu 160 kwa dola moja Januari 2024. Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 13. Februari serikali ilikopa tena dola bilioni 1.5 nje, kwa gharama iliyozidi asilimia 10, ili inunue sehemu kubwa ya deni lile la zamani. Mwezi huohuo, ndani ya nchi, ilitoa hatifungani ya miundombinu iliyoishia kwenye riba ya asilimia 18.46, isiyokatwa kodi. Hazina iliomba shilingi bilioni 70. Zikaja ofa za zaidi ya bilioni 280, na ikachukua karibu bilioni 241.

Sasa jiweke kwenye kiti cha meneja wa benki. Serikali inakupa asilimia 18.46 bila kodi, bila ofisa wa kufuatilia marejesho, bila mnada. Upande wa pili yupo mfanyabiashara wa nguo wa soko la Gikomba, Nairobi, anayetaka nusu milioni ya Kenya, na soko lake limewahi kuungua moto zaidi ya mara moja. Utamtoza ngapi ili akushawishi? Wengi hawakutozwa chochote, kwa sababu hawakukopeshwa kabisa.

Shilingi ya Kenya ilipata nguvu tena hadi karibu 130 kwa dola, na riba ya Benki Kuu ikashuka hatua kwa hatua tangu Agosti 2024 hadi chini ya asilimia 10 katikati ya 2025. Lakini biashara zilizofungwa katika miezi ile hazikurudi kwa sababu riba imeshuka.

Tanzania nayo hukopa ndani kila mwaka, kwa dhamana za miezi, yaani hati za deni la muda mfupi, na hatifungani zinazofika hadi miaka 25. Si kila deni ni baya: barabara ya lami inayopunguza nauli ya mzigo ni faida kwa kila mwenye duka njiani. Ila kila Juni bajeti inaposomwa, watu hukimbilia orodha ya kodi za bia, soda na mafuta. Ningekushauri utafute kwanza mstari wa mikopo ya ndani. Huo ndio unaokuambia utagombania amana zilezile na serikali kwa kiasi gani mwaka huo.

Basi kwa nini sheria isiweke tu kikomo cha riba?

Kenya ilijaribu, na jaribio hilo linafaa kusomwa kwa makini na kila anayelitamani. Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria iliyozuia benki kutoza zaidi ya pointi nne za asilimia juu ya riba ya Benki Kuu. Kikomo kikawa karibu asilimia 14. Watu walishangilia, na walikuwa na sababu: wengi walikuwa wakilipa zaidi ya asilimia 18.

Kilichofuata hakikupendeza. Benki zilipokatazwa kumtoza mteja wa hatari bei ya juu, zilimwacha. Fedha zilihamia kwenye dhamana za serikali na kwa kampuni kubwa. Ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi, ambao ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya sheria, mwaka 2017 ulishuka hadi karibu asilimia 2. Mwenye kibanda aliyekuwa akikopa benki kwa asilimia 20 kwa mwaka sasa alikopa kwenye simu kwa asilimia 7 au 8 kwa mwezi, kwa sababu wakopeshaji wa simu hawakubanwa na sheria ile. Novemba 2019 kikomo kiliondolewa.

Tanzania ilichukua njia nyingine. Julai 2021 Benki Kuu ilitangaza mfuko wa shilingi trilioni 1 ambao benki zingeukopa kwa asilimia 3 ili zikopeshe sekta binafsi kwa riba isiyozidi asilimia 10, na benki inayokopesha kilimo kwa riba hiyo ikapunguziwa kiasi cha amana inachotakiwa kuweka Benki Kuu. Benki kubwa zikashusha mikopo ya kilimo hadi asilimia 9. Naiona njia hii kuwa bora kuliko kikomo cha jumla, kwa sababu inaipa benki sababu ya kukopesha. Lakini waliofaidika mapema ni wenye mnunuzi wa uhakika na kumbukumbu: vyama vya ushirika vya mazao, wachakataji, wakulima wakubwa. Mama anayekodi ekari mbili Kilosa bado anasubiri, na sera itakayomfikia yeye haijaandikwa.

Nimeambiwa riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Ni kubwa au ndogo?

Huwezi kujua mpaka uulize: asilimia 3.5 ya nini?

Tuseme unakopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12. Kama riba inapigwa kwenye mkopo wa mwanzo mpaka mwisho, utalipa riba ya 42,000 kila mwezi, hata mwezi wa kumi na mbili unapobakiwa na deni la 100,000 tu. Jumla ya riba ni 504,000, na rejesho la mwezi ni 142,000. Kama riba inapigwa kwenye salio linalopungua, rejesho ni takriban 124,200 na riba yote haifiki hata 291,000. Tarakimu ya tangazo ni ileile, tofauti ni zaidi ya laki mbili. Ukigeuza hesabu, mkopo wa kwanza kwa kweli unakutoza karibu asilimia 5.9 kwa mwezi.

Kwa watoa mikopo wa daraja la pili Tanzania, yaani wale wasiopokea amana, Benki Kuu imeweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Wapo wanaokiheshimu kwenye riba kisha wanarudisha tofauti kupitia ada ya fomu, ada ya bima, ada ya usimamizi na faini ya kuchelewa. Kwa hiyo acha kuuliza riba peke yake. Uliza hivi: mkononi napokea shilingi ngapi leo, na mpaka siku ya mwisho nitakuwa nimetoa shilingi ngapi? Asiyeweza kukujibu kwa tarakimu mbili, ondoka.

Mikopo ya "kausha damu", ile ya mtaani yenye riba ya kunyonya, na ya kwenye simu: nisiiguse kabisa?

Ya simu kutoka benki au kampuni yenye leseni ina kazi yake. Muuza samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam, anayekopa alfajiri na kulipa jioni anaweza kubeba gharama ya siku moja, kwa sababu mtaji wake umezunguka siku hiyohiyo. Hatari huanza mkopo wa siku thelathini unapotumika kununua friji, mashine au kodi ya fremu, vitu vinavyorudisha fedha kwa miezi na miaka.

Wasio na leseni ni jambo jingine. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali na kuwatahadharisha wananchi. Kenya ilitunga kanuni za wakopeshaji wa kidijitali Machi 2022, zilizowataka wote wapate leseni na kuwakataza kuwapigia simu jamaa na marafiki wa mkopaji ili kumwaibisha. Kanuni hizo zilizaliwa na machozi ya watu. Kabla hujapakua chochote, angalia orodha ya wenye leseni kwenye tovuti ya Benki Kuu ya nchi yako, na programu ikiomba ruhusa ya kusoma majina yaliyo kwenye simu yako, ifute.

Kwa wale wanaochukua kadi yako ya benki na namba ya siri kama dhamana: hakuna sheria inayoruhusu hilo. Kataa.

Sina hati ya nyumba. Nitakopa kwa dhamana gani?

Ardhi ndiyo dhamana inayopendwa na benki zetu, na hapo ndipo wanawake na vijana wengi hukwama, kwa kuwa hati nyingi zina jina la baba au la mume. Sheria zimeanza kufungua milango mingine. Kenya ilipitisha mwaka 2017 sheria ya dhamana za mali zinazohamishika: mashine, mifugo, mazao, stoo ya bidhaa, hata ankara ambazo wateja hawajalipa zinaweza kuandikishwa kama dhamana kwenye daftari la taifa. Tanzania ina sheria ya stakabadhi ghalani tangu 2005. Mkulima wa korosho Mtwara au Lindi hupeleka mzigo ghalani kupitia chama chake cha msingi, hupewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo inaweza kumdhamini benki wakati mzigo unasubiri mnada.

Utekelezaji uko nyuma ya maandishi. Ofisa wa tawi la wilayani anaweza kukuambia hajawahi kupokea ng'ombe kama dhamana, na atakuwa anasema kweli. Muulize anayesimamia biashara ndogo makao makuu, kwa maandishi. Njia nyingine zinazotembea vizuri zaidi ni kukodishiwa mashine kwa mkataba wa kuimiliki mwishoni, ambapo mashine yenyewe ndiyo dhamana, na mkopo wa oda, ambapo barua ya ununuzi kutoka kwa mteja mkubwa ndiyo inayotazamwa.

Ofisa wa mikopo anaangalia nini hasa?

Anaangalia kama fedha zinapita mahali anapoweza kuziona. Biashara yenye mauzo ya milioni 8 kwa mwezi ambayo yote yanaishia mfukoni, mbele yake ni biashara ya sifuri. Yenye mauzo ya milioni 3 yanayopita kwenye Lipa Namba au till na kuhamia benki kila wiki inaonekana. Miezi sita ya taarifa kama hiyo ina nguvu kuliko mpango wa biashara wa kurasa arobaini ulioandikiwa na mtu wa steshenari.

Ataangalia pia jina lako kwenye kanzidata ya wakopaji. Kenya una haki ya kupata taarifa yako bure mara moja kwa mwaka. Itumie kabla ya kuomba, maana makosa yapo, na deni dogo la simu ulilolisahau linaweza kusimamisha mkopo mkubwa.

Nikirasimisha biashara, kodi haitanimaliza?

Hofu hii si ya bure, na wanaoidharau hawajauza kwa faida ndogo. Kenya mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka hutozwa kodi ya asilimia 3 ya mauzo, kutoka asilimia 1 kabla ya Julai 2023. Inatozwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Muuza unga wa jumla anayebakiwa na asilimia 5 ya mauzo anatoa zaidi ya nusu ya faida yake. Fundi anayebakiwa na asilimia 40 haisikii. Kama uko kundi la kwanza, sheria inakuruhusu kuomba utozwe kwa utaratibu wa kawaida wa kodi ya mapato, ukiwa na vitabu. Tanzania nako mtu binafsi mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka hutozwa kwa viwango vya mauzo, na mwenye kumbukumbu hutendewa tofauti na asiye nazo.

Ndiyo maana daftari ni fedha. Naamini pia kwamba kodi ya mauzo kwa biashara za faida nyembamba ni sera mbaya, inayowafanya watu wajifiche, na vyama vya wafanyabiashara viendelee kulisema hilo kila msimu wa bajeti.

Napata faida lakini kila mwisho wa mwezi sina hela. Nikope?

Usikope kwanza. Pima siku.

Mzigo unakaa stoo siku ngapi kabla haujauzwa? Tuseme 30. Mteja uliyempa mali kauli analipa baada ya siku ngapi? Tuseme 45. Aliyekuuzia wewe anakupa siku ngapi? Tuseme 15. Jumlisha mbili za kwanza, toa ya tatu: siku 60. Kwa siku hizo 60 wewe ndiye benki ya wateja wako. Kama mzigo unaouza kwa siku umekugharimu 200,000, una milioni 12 zilizolala nje. Hiyo ndiyo hela unayoitafuta.

Punguza siku kumi tu mahali popote kwenye mnyororo huo, na milioni 2 zinarudi mkononi bila riba, bila mdhamini, bila barua ya serikali ya mtaa. Punguzo dogo kwa anayelipa taslimu linaweza kufanya kazi hiyo. Kuacha kununua katoni za bidhaa isiyotembea kwa sababu tu zilikuwa bei poa, nako hufanya kazi hiyo. Kuzungumza na msambazaji wa Kariakoo au Nyamakima aliyekuzoea miaka mitatu, ukamwomba siku 30 badala ya 15, kunagharimu simu moja. Watu wengi huja kuomba mkopo wa milioni 5 wakiwa na milioni 7 mikononi mwa wateja, na hawajawahi kuziandika mahali pamoja wakaziona.

Angalia pia mkono wa nyumbani. Ada ya shule, msiba, mchango wa harusi: yote hutoka kwenye droo ileile. Jilipe mshahara, hata mdogo, na siku ukihitaji zaidi andika kwamba umekopa kwenye biashara yako.

Ukishapima na bado kuna pengo, sasa kopa, na muda wa mkopo ufanane na siku zako. Pengo la siku 60 halihitaji deni la miaka mitatu.

Nimeshinda zabuni ya serikali. Hiyo si dhamana tosha?

Ni habari njema yenye mtego. Nchi zote mbili zimetenga asilimia 30 ya manunuzi ya umma kwa makundi maalumu, wakiwemo wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Lakini kushinda ni tofauti na kulipwa. Kenya malimbikizo ya madeni ya wazabuni, ukichanganya serikali kuu na kaunti, yanahesabiwa kwa mamia ya mabilioni ya shilingi, na serikali iliunda kamati maalumu mwaka 2023 kuyahakiki. Tanzania nayo madeni ya wazabuni hutajwa kila mwaka kwenye ripoti na bungeni.

Kila shilingi ya deni hilo ni mkopo ambao mfanyabiashara mdogo ameipa serikali bila riba, huku yeye akilipa riba benki. Hakuna mfuko wa uwezeshaji unaoweza kufidia jeraha hilo. Kama kuna sera moja ambayo ningependa wabunge wa pande zote mbili waishikie bango, ni sheria ya kumlipa mzabuni ndani ya siku zilizotajwa, na riba ikichelewa.

Kwako wewe: usiingize kwenye zabuni moja mtaji ambao ukikaa mwaka mzima nje biashara itafungwa. Uliza taasisi hiyo iliwalipa wazabuni wa mwaka jana lini. Waulize wazabuni wenyewe.

Mikopo ya halmashauri na Hustler Fund inafaa?

Mkopo wa halmashauri Tanzania hauna riba. Hutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa 2023 baada ya taarifa za vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, ukarejeshwa mwaka uliofuata. Ukiwa na kikundi cha kweli kilichosajiliwa, ni fedha nafuu kuliko zote. Tatizo ni muda: usipange msimu ukiitegemea.

Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali ya Kenya, ilizinduliwa 30 Novemba 2022, kwa asilimia 8 kwa mwaka, kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, na sehemu ya mkopo huwekwa akiba. Riba ni nafuu mno kuliko programu za simu. Ila mkopo wa mtu binafsi wa siku 14 hautoshi kujenga biashara. Unatosha kuokoa wiki mbaya.

Na vikoba, chama, SACCOS?

Kwa mtaji wa kwanza, sijaona njia bora. Tanzania sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inavitambua vikundi hivi, na SACCOS husimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Hakikisheni kikundi kimesajiliwa na fedha haziko kwenye simu ya mtu mmoja.

Sitaki riba kwa sababu ya dini yangu. Nina njia?

Unayo. Amana Bank ya Tanzania na Gulf African Bank ya Kenya zinaendeshwa kwa misingi ya Kiislamu, na benki kadhaa za kawaida zina dirisha la aina hiyo. Unayoiona zaidi ni murabaha: benki hununua mzigo au mashine, kisha inakuuzia kwa bei ya juu mliyokubaliana, unalipa kidogokidogo. Bei haipandi ukichelewa. Musharaka, ambapo benki inaingia ubia na kushiriki hasara, ni adimu kwa wenye biashara ndogo. Linganisha jumla ya bei kama ambavyo ungelinganisha mkopo mwingine wowote. Si kila murabaha ni nafuu.

Mkopo wa dola una riba ndogo. Nichukue?

Kama wateja wako wanakulipa kwa dola, fikiria. Kama unauza kwa shilingi, hapana. Aliyekopa dola Kenya mwaka 2022 na kulipa Januari 2024 alihitaji shilingi nyingi zaidi kwa dola ileile, na hakuna punguzo la riba lililoweza kulipia pengo hilo.

Soko la hisa linanisaidia?

Kwa sasa, si moja kwa moja. Soko la Dar es Salaam lilifungua dirisha la kampuni zinazokua mwaka 2013 na la Nairobi likafanya vivyo hivyo, lakini waliolitumia ni wachache. Faida inakufikia kwa mlango wa nyuma: mwaka 2022 benki ya NMB iliuza hatifungani ya Jasiri, ikakusanya shilingi bilioni 74 za kukopesha biashara za wanawake. Ukisikia benki imetoa hatifungani ya namna hiyo, nenda mapema uulize masharti, kwa kuwa fedha hizo lazima zikopeshwe kwa walengwa.

Nimeshindwa kulipa. Nifanye nini?

Nenda kabla hawajakuita. Mkopo ukifikisha siku 90 bila kulipwa huhesabiwa chechefu, na kuanzia hapo benki hulazimika kutenga fedha kwa ajili yake na faili huhamia idara ya madeni. Kabla ya siku hizo, ofisa wako bado ana nafasi ya kurefusha muda, au kukuruhusu ulipe riba peke yake kwa miezi michache. Nenda na taarifa za mauzo na kiasi unachoweza kulipa kweli, hata kama ni theluthi ya rejesho.

Usikope kwenye simu ili ulipe benki. Kama lazima mali iuzwe, omba uiuze wewe, kwa maandishi, kwa sababu mnunuzi wako atatoa bei nzuri kuliko wa mnadani.

Ikiwa dhamana ni ardhi, hesabu notisi. Tanzania mkopeshaji anatakiwa kukupa notisi ya siku 60 kabla ya kuuza. Kenya ni miezi mitatu, kisha notisi nyingine ya siku 40. Kama nyumba ni ya familia na mwenza wako hakutia saini ridhaa, sema mapema, kwa mwanasheria au kituo cha msaada wa sheria kilicho karibu. Weka kila notisi na bahasha yake, andika tarehe uliyoipokea, na usitie saini karatasi yoyote ya kukubali deni jipya kabla mtu mwingine hajaisoma.